Intigresheni moja, watu watatu, majibu matatu. Nani kakosea hapa?

dogo_wa_kutwa (#1)
Wakuu habari za usiku. Niko kidato cha sita, PCM (Fizikia, Kemia, Hesabu), pepa zetu Mei. Leo tulikuwa watatu tunapiga msuli baada ya vipindi, swali moja likatugombanisha mpaka mlinzi akaja kufunga darasa.

Swali: ∫ sin x cos x dx

Mimi nimeweka u = sin x, kwa hiyo du = cos x dx. Jibu langu: sin²x/2 + C.
Jirani yangu kaweka u = cos x, akatoka na −cos²x/2 + C.
Wa tatu, ambaye ndiye kipanga wetu, hakuweka u yoyote. Kasema sin x cos x ni nusu ya sin 2x, akamalizia palepale: −cos 2x/4 + C.

Tukajaribu x = 0. Langu linatoa 0, la jirani −1/2, la kipanga −1/4. Namba tatu tofauti! Sasa yatakuwaje sahihi yote? Na kinachouma zaidi, swali hilihili lilikuja kwenye mtihani wa majaribio wa shule, maki tatu. Mimi nilipewa zote tatu, jirani akapigwa kosa refu la kalamu nyekundu. Naomba hatua, siyo jibu tupu. Majibu matupu tunayo matatu tayari.

mla_mihogo_HGL (#2)
Nimewahi siti ya dirishani. Mimi HGL (Historia, Jiografia, Kiingereza), hesabu niliachana nazo kidato cha nne kwa amani. Nimekuja kusikiliza tu.

Kipanga Mstaafu (#3)
Dogo, hakuna aliyekosea. Chukua jibu lako utoe la jirani:

sin²x/2 − (−cos²x/2) = (sin²x + cos²x)/2 = 1/2

Weka x yoyote unayotaka, tofauti inabaki nusu. La kipanga nalo: cos 2x = 1 − 2sin²x, kwa hiyo −cos 2x/4 = sin²x/2 − 1/4. Umeona? Ni mchoro mmoja ule ule, mmoja kaushusha kwa nusu, mwingine kwa robo.

Kilichowachanganya ni kuita vitu vitatu kwa herufi moja. C yako siyo C ya jirani. Ya jirani ni ya kwako ukiongeza nusu, ya kipanga ni ya kwako ukiongeza robo. Ukijaribu x = 0 ukaiacha C nje, umepima watu watatu waliosimama kwenye ngazi tofauti halafu unashangaa urefu hautoshani.

Binti wa BAM (#4)
Kwa hiyo C inaweza kuwa chochote? Basi na mimi naandika lolote naongeza C mbele.

Kipanga Mstaafu (#5)
@Binti wa BAM hapana. Jibu lolote la intigresheni lina hakimu wake: lidifarenshieti, yaani tafuta kasi yake ya kubadilika. Likirudi kwenye swali, ni jibu. sin²x/2 inarudi sin x cos x. −cos²x/2 inarudi sin x cos x. −cos 2x/4 inarudi nusu ya sin 2x, ambayo ni kitu kilekile. Andika sin³x/2 + C uone kama inarudi.

fundi_mita (#6)
Mimi ni fundi umeme, ngoja niwape ya mtaani. LUKU, ile mita ya umeme wa kulipia kabla. Ukijua nyumba inakula uniti ngapi kwa saa, unaweza kupiga hesabu uniti ngapi zimeliwa kuanzia saa mbili hadi saa sita. Ila kujua mita inasoma ngapi SASA HIVI huwezi, mpaka mtu akuambie ilikuwa inasoma ngapi ulipoanza. Hiyo ya kuanzia ndiyo C. Nyumba mbili zinaweza kula sawasawa kabisa, moja ina uniti 40, nyingine ina 3 na mwenye nyumba anatembea na tochi.

mla_mihogo_HGL (#7)
Nimeelewa!! Mungu wangu, nimeelewa intigresheni kwa LUKU. Walimu wangu walikuwa wapi.

Ngariba wa Namba (#8)
@fundi_mita mfano mzuri ila LUKU inashuka, kwa hiyo kasi yako lazima iwe hasi. Ungesema mita ya maji, ile inapanda.

fundi_mita (#9)
@Ngariba wa Namba kwetu ya maji haipandi wala haishuki, imekaa tu. Ndiyo maana nikachagua umeme.

Mwl wa Zamu (#10)
Naungana na #3 kwa hesabu yenyewe. Ila kabla hamjamnyonga mwalimu mwenzangu, dogo jibu swali moja: kwenye karatasi ya jirani yako, + C ilikuwepo?

Nauliza kwa sababu nasahihisha haya kila muhula. Mtu anafanya kila kitu vizuri, C anaiacha, halafu anakuja kulalamika mlango wa ofisi.

Chalii wa Kijenge (#11)
Mwalimu umeingia na fimbo moja kwa moja. Mimi nadhani tatizo ni mwongozo wa kusahihisha. Mwalimu aliandika njia moja kwenye mwongozo wake, sin²x/2, akawa anatafuta picha hiyo kwenye kila karatasi. Ana mikondo minne, saa tano usiku, kibatari kinazimika. Akiona −cos² anapita.

dogo_wa_kutwa (#12)
@Mwl wa Zamu nimempigia jirani. C hakuiweka.

Mwl wa Zamu (#13)
Nilijua.

dogo_wa_kutwa (#14)
Ila na mimi nimeangalia karatasi yangu. Na mimi sikuiweka. Na nilipata zote tatu.

mla_mihogo_HGL (#15)
Huu uzi nauhifadhi.

Chalii wa Kijenge (#16)
Mwl wa Zamu rudi hapa, usikimbilie zamu.

Mwl wa Zamu (#17)
Sijakimbia. Basi hapo mwalimu kateleza mara mbili, alikupa moja usiyostahili na akamnyima jirani mbili anazostahili. Bado msimamo wangu uko palepale: mngeweka C wote, asingekuwa na pa kuanzia.

Mchokozi (#18)
Kwa kuwa mnaidharau C, chukueni hii. Tunaintegreti 1/x kwa njia ya vipande (∫u dv = uv − ∫v du). Weka u = 1/x na dv = dx. Basi du = −1/x² dx na v = x.

∫(1/x)dx = (1/x)(x) − ∫ x(−1/x²)dx = 1 + ∫(1/x)dx

Futa ∫(1/x)dx pande zote mbili. Inabaki 0 = 1. Nimemaliza, hesabu imekufa, tukalale.

Binti wa BAM (#19)
Umegawanya kwa sifuri mahali. Hizi za kuonyesha 0 = 1 huwa wanagawanya kwa sifuri.

Kipanga Mstaafu (#20)
Siyo safari hii. Kila mstari wa Mchokozi ni halali mpaka pale anapofuta. ∫(1/x)dx siyo namba moja, ni ukoo mzima wa michoro, na ya kushoto inaweza kuzidi ya kulia kwa 1 bila ugomvi wowote. Ukitaka kumkamata, weka mipaka, tuseme kutoka 1 hadi 2. Ile "1" inageuka kuwa 1 kwenye x = 2 kutoa 1 kwenye x = 1, yaani 0. Miujiza imeisha.

Na hiyo ndiyo njia ya kuamua ugomvi wa #1 pia. Weka mipaka 0 hadi π/4 kwenye majibu yote matatu:
sin²: 1/4 − 0 = 1/4
−cos²: −1/4 + 1/2 = 1/4
−cos 2x: 0 + 1/4 = 1/4

Chalii wa Kijenge (#21)
Mbona mimi kikokotoo kinanipa 0.000094 kwenye ile ya kwanza?

Ngariba wa Namba (#22)
Kiko kwenye digrii. Kipeleke kwenye radiani. π/4 yako imesomwa kama nyuzi 0.785, mtoto mchanga wa pembe.

Wadogo zangu, hili liandikeni ukutani. Swali la kwanza la pepa ya kwanza huwa ni la kikokotoo, watu wanakibonyeza digrii huko, halafu wanafika kwenye kalkulasi hawajakirudisha. Maswali kumi, yote ya lazima, saa tatu, ni dakika 18 kwa swali. Dakika nane unazitumia kujiuliza kwa nini jibu ni 0.000094.

mzee_wa_jedwali (#23)
Sisi kikokotoo tulikiona kwa mhasibu tu. Tulikuwa na jedwali la tarakimu nne, unapitisha kidole mpaka kinachakaa. Vijana mnabonyeza, sisi tulikuwa tunajua kabisa kwamba sin 30 ni nusu hata ukiamshwa usingizini.

Na nyie mnaolalamika hesabu ngumu, jina lenyewe linawaambia. Aljebra imetoka kwenye al-jabr ya Al-Khwarizmi wa Baghdad, karne ya 9. Jabr ni kuunga kilichovunjika, mpaka Hispania mganga wa kuunga mifupa aliitwa jina la kufanana na hilo. Mzizi huohuo ndio wa jabari yetu. Halafu Newton akaja na ile alama ndefu ya ∫, mambo yakawa hivi yalivyo.

Ngariba wa Namba (#24)
Shikamoo mzee. Aljebra uko sawa, ila alama ya ∫ ni ya Leibniz, 1675. Ni herufi S iliyovutwa, S ya summa, jumla. Na dx ni yake pia. Newton alikuwa na vidoti vyake juu ya herufi, ambavyo wanafizikia bado wanavitumia.

mzee_wa_jedwali (#25)
Marahaba. Basi Leibniz. Lakini wote wawili hawakuwa na kikokotoo.

Binti wa BAM (#26)
Samahani kuingilia, niko PCB (Fizikia, Kemia, Biolojia) na BAM (Basic Applied Mathematics) inanitoa jasho. Hii ya aljebra:

√(2x + 3) = x

Nimepiga kipeo cha pili pande zote: x² − 2x − 3 = 0, nikapata x = 3 na x = −1. Nyuma ya kitabu kuna 3 peke yake. −1 imeenda wapi? Nimefuata sheria zote!

Chalii wa Kijenge (#27)
Rudisha −1 kwenye swali. √(−2 + 3) = √1 = 1. Upande wa pili ni −1. 1 siyo −1. Kwisha.

Binti wa BAM (#28)
Lakini √1 si ni 1 au −1? Basi nachagua −1, inakubali.

Kipanga Mstaafu (#29)
Hapana dada. x² = 1 ina majibu mawili. Ila alama √ yenyewe ni kipeuo cha upande wa chanya tu. Ndiyo maana kwenye fomula ya kwadratiki tunalazimika kuandika ± kabla ya √. Kama √ ingekuwa inabeba zote mbili, ile ± ingekuwa ya nini?

Mchokozi (#30)
Mimi mwalimu wa kidato cha pili alituambia √9 = ±3 na akatuchapa tulioandika 3.

Mwl wa Zamu (#31)
Wapo wanaofundisha hivyo. Naomba radhi kwa niaba yao.

Binti, −1 siyo mwizi aliyeingia dirishani, wewe ndiye umemfungulia mlango. Ukipiga kipeo cha pili, alama ya hasi inafutika. Swali lako √(2x+3) = x na lile lingine −√(2x+3) = x yakishapigwa kipeo yanakuwa swali moja. 3 ni mtoto wa la kwanza, −1 ni mtoto wa la pili. Wamelelewa nyumba moja, ila mmoja siyo wako. Kwa hiyo kila ukipiga kipeo cha pili, rudisha majibu kwenye swali la mwanzo, na uandike kwamba umerudisha.

jirani_wa_Kisumu (#32)
Hamjambo majirani. Nimefurahia. Sisi kwetu kalkulasi tuliigusa kidato cha nne, polinomio peke yake, na kukadiria eneo kwa trapeza. Hizo za sin na cos tulizikuta chuoni, na tulizikuta zimejipanga na marungu. Lakini C tuliimbiwa kila siku, "usiisahau, hiyo ni alama yako".

Swali: mbona wengi wenu mnasema tatizo lilianzia chini? Shule ya msingi si mlisoma kwa Kiswahili, lugha mnayoielewa?

Chalii wa Kijenge (#33)
Ndiyo penyewe hapo. Msingi tulisoma kigawe kidogo cha shirika, kipeuo, mlinganyo. Januari ya kidato cha kwanza kila kitu kikabadilishwa jina kwa Kiingereza. Mimi nilikaa miezi mitatu nikidhani ni somo jipya. Kumbe ni vitu vyangu vya darasa la sita vimevaa suti.

Ngariba wa Namba (#34)
Sikubali. Lugha ni ya wiki mbili tatu. Tatizo ni kukariri. Mfano ni MAGAZIJUTO. Mabano, Gawanya, Zidisha, Jumlisha, Toa. Mpe mtu mzima 10 − 3 + 2. Anasema "JU kabla ya TO", anajumlisha 3 na 2 kwanza, anatoa kwenye 10, anapata 5.

mla_mihogo_HGL (#35)
Si ni 5?

Ngariba wa Namba (#36)
Ni 9. Kujumlisha na kutoa wana cheo kimoja, unaenda kutoka kushoto. Kugawanya na kuzidisha vilevile.

mla_mihogo_HGL (#37)
Nina miaka 34. Nina duka. Nimekuwa nikijumlisha kwanza maisha yangu yote.

fundi_mita (#38)
Duka liko wapi nije kununua?

jirani_wa_Kisumu (#39)
MAGAZIJUTO! Sisi ni BODMAS. Ugonjwa ni ule ule, jina tu tofauti.

mzee_wa_jedwali (#40)
Si lugha, si MAGAZIJUTO. Ni kwamba siku hizi mtoto anapewa pepa za miaka ya nyuma na majibu yake, anadesa, anajiona kaelewa. Funika majibu, fanya, funua. Huyu dogo na wenzake wamefanya jambo la maana, wamegombana. Sisi tulikuwa tunagombana kwa chaki mpaka ubao unatoboka.

Sukari Guru (#41)
Nimechelewa, ila lazima nimkwaze Kipanga Mstaafu kidogo. Kwenye #3 na #20 umewaachia vijana wazo kwamba majibu mawili sahihi ya intigresheni lazima yatofautiane kwa namba moja isiyobadilika. Siyo lazima.

Chukua 1/(1 + x²). Jibu la kawaida ni tan⁻¹x. Sasa difarenshieti −tan⁻¹(1/x). Inarudi 1/(1 + x²) hiyohiyo. Toa moja kwenye nyingine: kama x ni chanya unapata π/2, kama x ni hasi unapata −π/2. Namba mbili, siyo moja!

dogo_wa_kutwa (#42)
Mkuu nilikuwa nimeshaelewa. Nilikuwa nimelala vizuri jana.

Kipanga Mstaafu (#43)
Sukari Guru yuko sahihi, nilikata kona. Lakini angalia: −tan⁻¹(1/x) haipo kwenye x = 0, mchoro wake umekatika hapo. Kanuni ya "tofauti ni C moja" inafanya kazi kwenye kipande kimoja kisichokatika. Ukiruka shimo, upande wa pili una haki ya kuwa na C yake. Hata 1/x yenyewe ni hivyo, sifuri imeigawa nchi mbili.

fundi_mita (#44)
Yaani nyumba mbili, mita mbili. Mbona rahisi.

Sukari Guru (#45)
Fundi achana na umeme uje chuo.

Binti wa BAM (#46)
Hiyo inakuja kwenye BAM?

Mwl wa Zamu (#47)
Haiji. Pumua.

dogo_wa_kutwa (#48)
Mrejesho wakuu. Leo tumempelekea mwalimu karatasi zote mbili, na hatua za #3 tumeziandika kwa mkono. Kasoma, kacheka, kasema jirani alionewa, kampa mbili kati ya tatu kwa sababu C haipo. Nikasimama pale nikitabasamu. Akachukua na yangu, akaitazama, akanipunguza moja. Sasa tuna mbili mbili.

Jirani anashukuru sana. Mimi sijui kama nilipaswa kuandika huu uzi.

mla_mihogo_HGL (#49)
Hiyo moja uliyopoteza ndiyo C.

Chalii wa Kijenge (#50)
Mwalimu kakosea tena. Maki ikishatolewa hairudishwi, aliyeteleza ni yeye.

Mwl wa Zamu (#51)
Kafanya sawa kabisa. Mei hakuna wa kumpelekea karatasi.

mzee_wa_jedwali (#52)
Na kipanga wa −cos 2x, yeye aliweka C?

dogo_wa_kutwa (#53)
Aliweka. Mbili. Moja mwisho, nyingine katikati ya hatua ya pili, sijui alikuwa anaogopa nini.

Binti wa BAM (#54)
Wakuu kabla hamjafunga, kuna hii ya kudifarenshieti x ikiwa na kipeo cha x. Nimeshusha kipeo mbele kama kawaida nikapata x·x^(x−1), rafiki yangu kapata kitu chenye logi ndani. Nani kakosea?